Vitundu Tisa

Masika haya Bi Mwanaasha hakukaa kitako, na kila aliyemjulia hali alipewa orodha. Shuka sita za harusi zinamsubiri, na foronya zake kumi na mbili. Miche ya bamia imeletwa, haijapandwa. Bustani ya kikundi imejaa magugu ya ndago. Wasichana watatu wapya wanafundishwa kudarizi, na mmoja wao hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Na juu ya yote hayo, kofia ya mwanawe Mikdad haijafika nusu. "Mimi nitakufa na uzi mdomoni," alisema, na wenzake walicheka. Walicheka kupita kiasi, lakini mwenye kazi nyingi hana nafasi ya kupima vicheko vya watu.

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwenyeji wa Magomeni hapa Bagamoyo, mke wa Mzee Mrisho aliyestaafu kazi ya chumvi. Watoto wao walikuwa wawili: Mikdad, aliyekuwa Salalah, Uarabuni, mwaka wa tisa sasa, na Adila, aliyeolewa Chalinze na ambaye, kwa aibu ya mama yake, hakuwahi kushika sindano ila kurudishia kifungo. Mwanaasha hakushona kwa shida. Alishona kwa sababu mikono yake haikujua kutulia, na kwa sababu aliamini, wala hakuona haya kulisema, kwamba pwani yote hii hapakuwa na mwanamke wa kumpita kwa sindano. Kikundi chao, Uzi Haukatiki, kilikutana kila Alhamisi sebuleni kwa mwenyekiti wao Bi Swaumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Walidarizi, walisengenya kwa kiasi, walikunywa chai ya tangawizi, na jua likipungua walikwenda uani kwake kupalilia bustani yao ya mchicha, bamia na mirehani.

Kofia ya Mikdad haikuwa kazi ya kikundi. Hiyo ilikuwa yake peke yake. Siku kijana alipoondoka, pale stendi, mbele ya abiria na makondakta, Mwanaasha alimzungushia uzi kichwani akapiga fundo, na Mikdad akacheka mpaka akakaa juu ya begi lake. Uzi ule ulihifadhiwa ndani ya kopo la biskuti, pamoja na kastabini ya kukingia kidole. Tangu hapo kila mwaka alishona kofia moja nyeupe kwa uzi mweupe, ya kuvaliwa Idd ya Mfunguo Tatu, akamkabidhi Shaima. Shaima alikuwa mwenzao wa kikundi, binti wa ile familia ya Kimanga yenye duka la vitambaa, na kaka yake Muhannad ndiye tajiri wa Mikdad huko Salalah. Msafiri wa kwanza kutoka kwao aliibeba kofia.

Sasa, kwenye paji la kila kofia, chini ya ua kubwa, Mwanaasha alitoboa vitundu vidogo na kuvizungushia uzi. Mwaka wa kwanza kitundu kimoja, wa pili viwili, wa tatu vitatu, vimejipanga mstari. Watu waliona pambo. Mama na mwana tu ndio waliojua kuwa ile ilikuwa hesabu. "Mama, umenivisha kalenda kichwani," Mikdad alimwambia mara moja kwenye simu. Naye akamjibu, "Siku utakayorudi ndiyo nitaacha kutoboa." Mwaka huu vilikuwa vifike tisa.

Mikdad alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Hakuwa mtu wa shikamoo ndefu. Alianza na, "Bi Mkubwa, umeshamtukana nani leo?" na mama yake alimtukana yeye kwanza, kwa mapenzi, ndipo mazungumzo yakaanza. Idd ya Mfunguo Mosi alipiga akauliza kalenda yake imefikia wapi. Ijumaa iliyofuata simu haikulia. Mwanaasha aliiweka karibu na jiko, akaihamishia dirishani, akaikagua kama ina chaji, akaimaliza siku hivyo. Jumamosi ndiyo ukaja ujumbe: "Shikamoo mama mpenzi. Simu yangu imeharibika, haitoi wala haipokei sauti. Nitakuwa naandika. Usiwe na wasiwasi. Mwanao Mikdad."

Aliusoma mara mbili. "Tazama," alimwambia mumewe, "mwanao kapata adabu Uarabuni. Mama mpenzi! Tena kaandika na shikamoo kamili." Mzee Mrisho hakuutazama ujumbe. Alisema anakwenda kumwagilia kibustani chao cha nyumbani, akachukua ndoo ya mrashi, ile yenye mdomo wa matundu, akatoka uani, na mvua ndiyo kwanza ilikuwa imekatika.

Hapo ndipo ulipoanza ule wingi wa kazi. Alhamisi iliyofuata Bi Swaumu alitangaza kuwa wamepata oda kutoka Pangani, kwa ukoo mkubwa unaooza binti baada ya Idd ya kuchinja: shuka sita na foronya kumi na mbili, waridi kila pembe. "Na hawataki mkono mwingine ila wako, Mama Adila." Mwanaasha alifurahi mpaka akasahau kujidai. Ni baadaye tu, akitembea kurudi nyumbani, alipojiuliza kwa nini Swaumu amemwita Mama Adila. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa Mama Mikdad, maana Mikdad ndiye kifungua mimba. Alhamisi nyingine alisikia tena, safari hii vinywani mwa wengine. Alipowauliza, Swaumu alisema, "Adila naye mtoto, jamani, au kwa kuwa ni mwanamke?" Wakacheka, naye akacheka.

Kazi zilimpendeza, lakini isidhaniwe kwamba zilimsahaulisha. Katikati ya waridi na ndago alichokitaka kilikuwa kimoja: sauti ya mwanawe. Alipiga simu mara nyingi, ikaita mpaka ikachoka, kisha ukaja ujumbe wa adabu. Kazini wamenihamishia ghala la mbali, mama. Mtandao mbaya, mama. Nakula vizuri, mama. Hakukuwa na utani hata wa neno moja, na Mwanaasha, aliyekuwa akilalamika miaka yote kwamba mtoto hana heshima, alianza kuikinai heshima hiyo. Alhamisi moja alimgeukia Shaima mbele ya wote. "Hebu muulize kaka yako. Mwanangu yu hali gani? Maana mimi nazungumza na karatasi."

Shaima alikuwa ameinamia kitambaa chake. "Muhannad anasema yuko mahali pema, mama."

Bi Swaumu alipaliwa na chai. Alikohoa mpaka ikabidi apigwe mgongoni, na kwa kuwa ni mnene, kukohoa kwake kulikuwa shughuli ya watu watatu. Ilipokwisha, mazungumzo yalikuwa yameshafika kwenye mbolea ya kuku. Mwanaasha alibaki na yale maneno. Mahali pema. Aliyapokea kwa maana ya ghala zuri, lenye kiyoyozi.

Watu hawakuwa wakimficha kwa kumchukia, hilo lieleweke mapema. Miaka miwili nyuma, alipofiwa na dada yake huko Miono, presha ilimpanda akaanguka ukumbini na kulazwa siku sita, na daktari akamwambia Mzee Mrisho kwamba mshtuko mwingine wa namna ile usimfike huyu mama. Tangu siku hiyo Mrisho alimchukua mkewe kama mtu abebaye yai juu ya kijiko. Habari mbaya zote zilipita kwanza kwake, akazichuja. Mwanaasha alilijua hilo na lilimuudhi, lakini pia, tuseme kweli, alilipenda kidogo.

Alichokiona wakati ule kilikuwa mume anayekonda. Mrisho aliacha kumaliza ugali wake. Alikaa uani saa nzima na ndoo ya mrashi, akimwagilia mchicha uliokuwa tayari umesimama ndani ya maji, na akiulizwa alisema mizizi ya chini haijapata. "Baba Mikdad, unaimwagilia mvua?" mkewe alimtania kutoka mlangoni. Hakugeuka. Alimnyanyulia mkono tu.

Mwanzoni mwa Mei kikundi kizima kilisafiri kwenda Mkange, eti kufuata ukindu wa mikeka. Mrisho naye alikwenda siku hiyo hiyo, kuangalia shamba la ufuta la marehemu baba yake. Mwanaasha alitaka kwenda, akakatazwa: shuka ya tano haijaisha, na Pangani wanasubiri. Adila alitoka Chalinze alfajiri kuja kukaa naye, kabeba miche mingine ya bamia ndani ya mfuko wa sukari. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Una nini wewe?"

"Vumbi la Chalinze, mama. Malori."

Walipanda bamia mpaka adhuhuri. Udongo ulikuwa laini, mvua ilipumzika, na Mwanaasha, kwa furaha ya kuwa na bintiye, aliimba nyimbo zote za unyago alizozikumbuka na nyingine alizozitunga palepale za kumsema mkwewe. Adila aliingia chooni mara tatu, akisema tumbo. Alasiri wanawake walirudi kutoka Mkange mikono mitupu. Ukindu umeoza kwa mvua, walisema, wakaenda zao haraka, kila mmoja kajifunika mtandio kichwani hadi machoni.

Kofia ilikwisha katikati ya Mei. Kitundu cha tisa kilimpa taabu ya ajabu. Uzi ulijifunga, akaufumua. Akarudia, ukajifunga tena. Mara ya tatu ndipo ukakaa, lakini kitundu kikawa kikubwa kidogo kuliko ndugu zake. Aliipima kofia kwa ule uzi wenye fundo, akaifunga ndani ya kipande cha kanga mpya, akampelekea Shaima dukani. Shaima aliipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamtoka. "Mafua haya, mama," alisema, na Mwanaasha akamshauri ajifukize.

Basi ikaja Idd ya Mfunguo Tatu. Asubuhi, pilau likiwa jikoni na harufu ya bizari imejaa nyumba, simu ilitoa mlio. Picha. Mikdad amekaa kitako, kanzu nyeupe, kofia kichwani, anatabasamu upande mmoja kama kawaida yake. Chini yake: "Idd Mubarak mama mpenzi. Kofia ya mwaka huu imefika, nzuri kuliko zote." Mwanaasha alipiga kigelegele. Alimwonyesha jirani wa kulia na wa kushoto, akamwonyesha mchinjaji, akamwonyesha hata mtu aliyekuwa anapita na baiskeli.

Kisha akakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, akaikuza picha kwa vidole viwili. Kilichomponza ni majivuno ya fundi. Alitaka kukiona kile kitundu cha tisa kilichomtesa, aone kama kule mbali kinaonekana ubaya wake. Alisogeza picha mpaka kwenye paji la uso. Ua lile pale. Vitundu vile pale. Alihesabu, akafika nane, vitundu vikaisha.

Alifuta kioo kwa upindo wa kanga akahesabu tena. Nane. Kikubwa hakikuwepo.

Jambo la kwanza alilolifikiri lilikuwa jepesi: kijana kavaa kofia ya mwaka jana. Lakini anayevaa ya mwaka jana hawezi kuandika kwamba ya mwaka huu imefika, tena nzuri kuliko zote. Na Mikdad angekuwa na ile mpya, kitu cha kwanza angesema ni, "Bi Mkubwa, kitundu cha tisa umetoboa kwa msumari?" Yule asingeacha. Mtu aliyeandika ujumbe huu hakujua kuna vitundu. Kwa asiyejua sindano, kofia nyeupe ni kofia nyeupe.

Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, lakini hii ilikuwa na urefu wa masika mazima, na Mwanaasha aliirudia yote akiwa amekaa kwenye kigoda kile. Adabu. Mahali pema. Mama Adila. Vumbi la Chalinze, masika, wakati barabara yote ni tope! Na mumewe anayemwagilia mvua. Hakuna aliyemwambia neno, na sasa hakukuwa na haja ya neno. Alijua.

Ile presha iliyokuwa ikiogopwa na watu wote haikumfanya lolote. Alisimama. Alipakua pilau, akawapa wageni, akapokea mikono ya Idd, akasema marahaba kwa watoto wote waliokuja na shikamoo zao. Mrisho alikula tonge mbili. Mwanaasha alimtazama shingo, namna ilivyokuwa nyembamba ndani ya kanzu, akashindwa kuamua kama anamhurumia au anamchukia, na usingizi wa usiku ule hakuupata.

Idd pili kikundi kilikuwa na desturi ya kukusanyika kwa Bi Swaumu kula visheti. Alifika wa mwisho.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam! Mama Adila, Idd njema, karibu, tulikuwa tunakusema."

Hakukaa. Aliiweka simu mezani, katikati ya sahani, picha imekuzwa. "Bi Swaumu, macho yako mazuri kuliko yangu. Hebu nihesabie hivyo vitundu."

Swaumu aliinama. Alihesabu kwa kidole. "Nane."

"Shaima, hesabu na wewe."

Shaima hakusogea. "Nane, mama."

"Ile niliyokukabidhi ina tisa. Cha tisa kikubwa, nilikikosea. Iko wapi?"

Mmoja wa wale wasichana wapya aliendelea kutafuna kisheti, akagundua anasikika, akaacha.

"Shaima. Kofia ya mwanangu iko wapi?"

"Kabatini kwangu," Shaima alisema, akajifunika uso.

"Basi amekufa lini?" Aliuliza kwa sauti ileile ambayo kila Alhamisi aliulizia mkasi, na hiyo ndiyo iliyowavunja. Wawili walianza kulia kwa pamoja. Bi Swaumu peke yake ndiye aliyejikaza, maana uenyekiti una siku zake.

"Wiki moja baada ya Idd ya Mfunguo Mosi," alisema. "Ijumaa. Alikuwa anapeleka mzigo, gari ikapinduka mlimani. Walimzika kulekule, siku ileile."

"Na Mkange mlifuata nini?"

"Arobaini yake. Mumeo aliisomea kwao, usije ukasikia."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini siku hiyo?" Hakungoja jibu. "Nilikuwa napanda bamia. Nilikuwa naimba, Swaumu. Arobaini ya mwanangu inasomwa, na mimi naimba nyimbo za unyago, dada yake ananisikiliza!"

"Tulikuogopea, Mama Mikdad." Lile jina lilirudi lenyewe mdomoni mwa Swaumu, na machozi yakaja nalo. "Mumeo alisimama hapo ulipo wewe akalia mbele yetu, mtu mzima yule. Akasema, nimepoteza mtoto, msinipotezeshe na mke. Alisema masika yakipita atakwambia kidogokidogo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia mama yake."

Wahenga walituambia mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini hawakutuambia anayeficha kifo ataumbuliwa na nini, na masikini Swaumu hakuwahi kuwaza kwamba ni tundu la sindano.

"Na huyo bibi harusi wa Pangani?" Mwanaasha aliuliza tena. "Shuka zake zimefika?"

Swaumu alitazama sakafu. "Hakuna bibi harusi. Ziko chumbani kwangu. Tulitaka mikono yako iwe na kazi."

Hilo, ajabu, ndilo lililomkalisha chini. Kifo alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani, alikuwa amekibeba usiku kucha. Shuka hakuzitarajia. Waridi nne kila shuka, jani kwa jani, miezi miwili akiinama dirishani mpaka shingo ikakakamaa, akimwombea heri msichana asiyemjua, apate mume mpole, apate watoto. Alilia hapo kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Alipomaliza alijifuta kwa mtandio akasema:

"Nataka siku zangu tatu."

"Dada yangu," Swaumu alianza kwa upole, "hitima imeshasomwa. Arobaini imepita. Watu watasema tunatandika matanga ya nini tena..."

"Imesomwa kwenu. Kwangu mwanangu kafa jana. Leteni mikeka, na mpelekeeni habari wifi yangu Mkange aje. Na hizo shuka zileteni zote. Wageni wangu watalalia nini?"

Shaima alikimbia nyumbani akarudi na kofia ndani ya kile kipande cha kanga, hata fundo halijafunguliwa. Mwanaasha aliichukua akaondoka nayo peke yake, kwa miguu, akiruka madimbwi. Njiani alisimama chini ya upenu wa duka lililofungwa, akatoa simu. Alikuwa ameshalijua na hili: aliyekuwa akiandika hakuwa Uarabuni. Neno mama mpenzi lilikuwa la mtu mmoja tu katika nyumba yake. Aliandika kwenye namba ya Mikdad: "Adila mwanangu, njoo nyumbani. Usiandike tena." Alama mbili za buluu zilitokea papo hapo. Jibu halikuja, na hakulitaka.

Mzee Mrisho alikuwa uani, amesimama kwenye matuta ya bamia, ndoo mkononi. Mawingu yalikuwa meusi hadi juu ya paa. Alimsikia mkewe akifungua mlango wa nyuma, akaanza kusema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyejifunza maneno yake vizuri. "Mmesherehekea? Mikdad kanitumia salamu zako. Anasema kofia imemkaa sawasawa."

Mwanaasha alikuja mpaka mbele yake. Alifungua kanga, akamwonyesha.

Maji yaliendelea kutoka kwenye mrashi, yote juu ya mche mmoja, mpaka ndoo ikaisha. Mrisho hakuiweka chini. Alikuwa anaitazama kofia na midomo yake inasogea.

"Niite jina langu," mkewe alisema.

"Mama... Mama Mikdad."

"Nani alimwosha?"

"Muhannad. Yeye na watu wa msikiti wao. Aliniambia alimwosha kama ndugu yake wa tumbo moja." Kisha maneno yakamtoka kwa fujo. "Nilitaka kukwambia, wallahi. Kila asubuhi niliamka nikasema leo. Ukiamka unaimba. Ningesema saa ngapi?"

Alikuwa na mengi ya kumjibu. Alikuwa ameyapanga njiani, makali, moja baada ya jingine: kwamba alimwibia mtoto mara mbili, kwamba siku sitini alimfanya mwehu anayeandikiana barua na maiti, kwamba mchukuzi wa yai haligeuki yai lake namna ile. Mengine angeyasema, si siku hiyo, na kwa miaka waliyobakiwa nayo hayangeisha yote. Lakini alimwona alivyokonda, na akaelewa kwamba huyu mtu amefiwa na mwanawe na nyumbani mwake hajapata mahali pa kulia isipokuwa katikati ya mchicha, kwa kujifanya anamwagilia.

"Weka ndoo chini," alimwambia. "Lia kwa sauti. Nyumbani hakuna tena mtu wa kufichwa."

Mrisho aliketi palepale kwenye tuta, juu ya bamia changa, akalia. Mwanaasha alisimama kando yake na kofia mkononi. Hakulia naye. Alikuwa bado na hasira.

Kesho yake alasiri wifi yake, Bi Mosi, alifika kutoka Mkange, mwanamke wa miaka themanini anayetembea kwa kushika kuta. Ukumbi ulikuwa umejaa. Adila alikuwa amekaa karibu na mlango, mapajani simu ya kaka yake na kofia ya nane, hathubutu kusogea karibu na mama yake, na mama yake hajamwita bado. Vitu hivyo Muhannad alivituma na msafiri, na kabla havijafika Adila ndiye aliyemtungia maneno ya kumwandikia mama. Bi Swaumu na wenzake walikuwa wamezitandika shuka zote sita juu ya magodoro ya kuazima, chumba hadi chumba, na kuzivalisha foronya zake. Nyumba nzima ilikuwa nyeupe na nyekundu. Waridi kila pembe.

Mwanaasha alimshika wifi yake mkono akamlaza chumba cha ndani ajinyooshe kabla watu hawajaanza kusoma. Bi Mosi alipapasa ua moja kwa vidole vyake vilivyopinda, akafuata jani hadi ncha, akashangaa. Hakuwa ameambiwa habari za Pangani.

"Hizi shuka za harusi, wifi," alisema. "Kazi ya mtu hii. Za nani?"

"Za Mikdad," Mwanaasha alimjibu, akamvutia shuka hadi mabegani. "Lala kidogo, wifi, umetoka mbali."